Kufuturu Bila Kujishindilia: Mwongozo kwa Mfungaji wa Goma

Ukitaka kujua nani atajishindilia leo magharibi, mtazame alfajiri. Aliyeamka akanywa chai yenye sukari tele na beignet (andazi) mbili, au aliyejigeuza kitandani akasema "leo daku sina haja nayo", huyo ndiye utakayemkuta saa mbili usiku ameegemea ukuta, mkanda umelegezwa, kwenda tarawehe hawezi. Futari imebebeshwa lawama tu. Ulafi wake ulipikwa tangu asubuhi, ukaongezewa kuni na soko la jioni, ukamaliziwa na chupa ya sucré (soda) iliyofunguliwa kabla ya maji.

Hapa Goma hatuwezi kusingizia urefu wa siku. Mji uko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, na saumu yetu ni ya saa 13 na dakika kadhaa. Ramadhani ya 2016 ilipoangukia mwezi wa Juni, Waislamu wa London walifunga zaidi ya saa 17. Sisi magharibi inaingia mapema, hewa ni ya baridi, na mtu mzima mwenye afya anaimudu njaa hiyo. Kinachotushinda ni mazoea ya kula na kunywa, na mazoea yanapangika. Nimeandika nikiifikiria Ramadhani, ila Mkristo wa Kwaresima na yule wa siku tatu za maombi naye ana sehemu yake humu.

Kwanza, jua kama saumu inakuhusu

Mwenye kisukari, hasa anayejidunga insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide, aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu saa za dawa na kipimo chake huenda vikabadilishwa. Akifunga, apime sukari mchana. Tone la damu kwenye kidole halivunji saumu. Ikishuka chini ya 70 mg/dL au ikipanda juu ya 300, afungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi adhana itoke. Kwa mtu huyu kujishindilia jioni ni hatari ya usiku uleule, maana sukari hupanda kwa kasi.

Mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa wa figo, mwenye vidonda vya tumbo: hawa nao wapate ushauri kwanza. Ruhusa ya mgonjwa iko wazi kabisa katika Sura ya Pili, aya ya 184 na 185. Kuna wazee wetu wanaoiona ruhusa hiyo kama aibu, wanafunga kwa siri huku watoto wakidhani baba anameza dawa zake. Ongeeni nao mapema, tena kwa heshima. Wakati mwingine inafaa imamu ndiye aseme.

Hatua ya 1: Nunua ukiwa umeshiba

Saa kumi na moja jioni mtaa wa soko wa Birere wote unanuka mafuta ya moto. Mama ameketi nyuma ya beseni la beignets, pembeni yake chapati zimepangwa chini ya plastiki, mwingine anachoma makemba (ndizi kubwa za kupika), chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, inapita na mananasi, na wewe hujatia kitu kinywani tangu alfajiri. Hapo macho yanafuturu kabla ya kinywa. Unanunua beignets za watu wanane wakati nyumbani mko watano, unaongeza chapati "kwa ajili ya watoto", unachukua na sucré mbili kubwa. Kikishanunuliwa kitaliwa, kwa sababu hakuna anayetaka kukitupa na umeme wa kuweka frigo hauaminiki.

Dawa yake ni kuhamisha saa ya soko. Nunua vitu vikavu (maharage, unga, sosoma ya uji, tende, karanga) mara moja kwa wiki, usiku au siku usiyofunga. Mboga na samaki vinunuliwe asubuhi, njaa ikiwa bado ndogo. Sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kituku ndio wazuri asubuhi hata hivyo. Kama kazi inakulazimisha kupita sokoni jioni, nenda na orodha na pesa ya orodha tu. Bora zaidi, mtume mtoto mkubwa asiyefunga. Yeye hana sababu ya kudanganywa na harufu.

Kuhusu vipimo, kadiria gramu 100 hadi 120 za unga mkavu wa fufu kwa mtu mzima, kwa chakula kimoja. Familia ya watu wazima watano inatosheka na nusu kilo na kidogo. Nyumba nyingi hupika kilo nzima Ramadhani ikifika, kana kwamba watu wamezidi. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga, protini haipo ya kuhesabika, kwa hiyo fufu la ziada linakujaza leo na kukuacha na njaa ileile kesho saa nne asubuhi.

Na kabla hamjaketi, toa sahani ya jirani. Sisemi mabaki, nasema sahani ya kwanza kutoka kwenye sufuria. Kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu inayojulikana, na sufuria ikipungua mapema vita ya kuimaliza inakuwa imekwisha.

Hatua ya 2: Jenga daku, maana ndiyo inayoamua jioni

Hapa nitakawia, kwa sababu wengi wanaipita mbio.

Mtume alisema kuleni daku, kwani ndani yake mna baraka. Imo kwa Bukhari na Muslim. Mwili nao unakubaliana na hadithi hiyo kwa njia yake. Chakula chenye protini, nyuzinyuzi na mafuta kiasi hukaa tumboni muda mrefu na kuachilia sukari polepole. Mkate mweupe na chai ya vijiko vinne hupandisha sukari ya damu haraka, kongosho linamwaga insulini, sukari inashuka, na kufikia saa tatu asubuhi tayari unaiwaza jioni. Anayeanza kuiwaza futari saa tatu asubuhi atafuturu kwa hasira.

Makosa ya daku nayaona ni manne. La kwanza ni kuiacha. La pili ni kuila saa sita usiku kisha kulala, yaani mtu anaongeza saa tano kwenye saumu yake bila kuombwa na yeyote. Ile sunna ni kuichelewesha hadi karibu na alfajiri. La tatu ni kula fufu lililobaki na makayabu (samaki wa chumvi) au mchuzi uliojaa cube za viungo: chumvi ile inakudai maji mchana kutwa, na jioni unayafidia kwa soda. La nne ni kunywa lita moja na nusu ya maji kwa mkupuo dakika tano kabla ya adhana. Mwili hauna tangi. Sehemu kubwa utaikojoa kabla ya saa mbili.

Daku inayofaa Goma haihitaji vitu vya dukani. Chagua kimoja katika hivi na ukizoee:

Maharage yaliyopikwa jioni, yakapashwa moto, na viazi vitamu viwili au ndizi za kuchemsha. Nusu avoka pembeni. Hii ndiyo ya mtu wa kazi ya mikono, wa kusukuma chukudu au kubeba saruji.

Mayai mawili na mkate, na mashanza (maziwa ya mgando) glasi moja. Kwa wanaoishi karibu na wauzaji wa maziwa ya Masisi hii ni rahisi kuliko chai ya maziwa ya unga, na inashikilia vizuri zaidi.

Uji wa sosoma, ule unga wa mtama, soya na mahindi. Mimi ndio ninaoupendelea, ila wengi wanaupika vibaya, wanapata maji matamu yenye mabonge, wanasema haushibishi. Chukua vijiko vikubwa vitano vya unga kwa mtu mmoja, koroga kwa maji baridi kwenye kopo mpaka uwe laini kama rangi ya ukuta. Chemsha karibu nusu lita ya maji, mimina mchanganyiko ukikoroga bila kuacha, kisha punguza makala (makaa) na uache utokote dakika 15 hadi 20. Soya isiyoiva ina ladha ya majani mabichi na inaleta gesi tumboni, kwa hiyo usiwe na haraka. Ukikaribia kuepua, tia kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa. Badala ya sukari ponda ndizi moja iliyoiva vizuri humo. Ukizoea wiki moja, uji wenye sukari utauona kama dawa ya kikohozi.

Anayesema usingizi unamshinda apike usiku na kuweka uji kwenye termosi. Akiamka ni kumimina tu.

Hatua ya 3: Shughulikia kahawa na usingizi

Kahawa ya Kivu ni nzuri na wengi wetu tuna kopo tatu kwa siku. Ukiikata ghafla siku ya kwanza ya Ramadhani, kichwa kitakugonga kati ya saa 12 na 24 baadaye, yaani mchana wa saumu hasa. Watu wanaidhani ni njaa, wakifika magharibi wanakula kutibu kichwa. Punguza kopo moja kila baada ya siku chache kabla ya mwezi kuanza. Kopo moja baada ya kufuturu halina neno. La saa nne usiku litakunyima usingizi.

Na usingizi mchache ni chanzo cha ulafi ambacho hakisemwi vya kutosha. Aliyelala kwa muda wa saa nne tu huwa na njaa zaidi siku inayofuata, na njaa yake inataka vitu vitamu na vya mafuta. Panga: ukilala saa nne na nusu usiku na kuamka saa kumi alfajiri, ongeza nusu saa mchana baada ya adhuhuri. Nusu saa, siyo kuanzia adhuhuri mpaka alasiri ukaamka umelewa usingizi.

Hatua ya 4: Robo saa ya kwanza

Adhana imetoka. Mkeka umetandikwa, kila kitu kiko mbele: tende, sambusa, beignets, jagi la juisi, sufuria ya mchuzi bado inafoka. Mtu anachukua tende moja kwa adabu, anamwaga sucré kwenye glasi, anakunywa yote bila kupumua, anajaza tena. Mkono wa kushoto umeshika glasi, wa kulia umeshafika kwenye sambusa. Dakika sita hazijaisha ameshakula sambusa tano na bado hajakigusa chakula chenyewe. Kisha anapakuliwa fufu, naye analila kana kwamba zile sambusa alizila mtu mwingine.

Habari ya kushiba hutoka tumboni na kwenye utumbo kwenda ubongoni, na huchukua kama dakika 20. Anayekula kwa kasi hiyo anamaliza kabla habari haijafika. Ndiyo maana ile njia ya zamani ina akili: Mtume alikuwa akifungua kwa tende mbichi kabla ya kuswali, asipozipata basi tende kavu, asipozipata basi mafunda ya maji. Kisha magharibi inaswaliwa. Ukirudi mkekani dakika zimeshapita, sukari ya tende imeanza kuingia kwenye damu, na ile pupa imepoa.

Kwa hiyo fanya hivi. Tende tatu, glasi moja ya maji isiyo ya barafu, kunywa ukiwa umeketi. Swali. Rudi. Wakati wa robo saa hii sambusa ziwe jikoni zimefunikwa. Zikiwa mbele ya macho hakuna atakayeshinda. Nyumba inayopanga mkeka kwa awamu mbili imemaliza nusu ya kazi, na hilo liko mikononi mwa anayepika kuliko mikononi mwa anayekula.

Sasa habari ya vinywaji. Chupa ya soda ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, na akishuka hadi 25 ni bora zaidi. Chupa moja, kabla ya chai, umeshapita hiyo 25. Baya zaidi, sukari ya kunywa haishibishi kama ya kutafuna: tumbo linaipitisha, na unakula kiasi kilekile ambacho ungekula bila hiyo.

Wengi hujibu, "Sisi hatunywi sucré, tunatengeneza jus ya marakuja (pesheni) nyumbani." Haya, tupige hesabu. Jagi la lita mbili, marakuja kumi, na glasi nzima ya sukari kwa sababu marakuja ni makali. Glasi hiyo ni gramu 200. Gawa: gramu 10 kwa kila mililita 100, sawasawa na soda ya chupa. Tofauti ni kwamba soda unajua ni soda. Punguza sukari hadi robo ya glasi, ongeza nanasi lililoiva kwa ajili ya utamu, na mpe kila mtu glasi moja baada ya chakula, siyo kabla. Mutobe nao, ule usiochachuka, uhesabu kama juisi: ni sukari ya ndizi iliyokamuliwa, nyuzinyuzi zimebaki kwenye majani.

Hatua ya 5: Sahani ipangwe kwa zamu

Anza na kitu cha majimaji na cha moto: supu ya mboga, supu ya samaki, au uji mwepesi, bakuli moja. Kifuate kitu cha kutafuna chenye protini pamoja na mboga. Fufu au mchele uje mwisho. Ukila kwa mpangilio huo utashangaa fufu linavyobaki.

Sambaza ndio msaada wetu mkubwa hapa. Samaki hawa waliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna jikoni ya Goma isiyowajua. Waliokaushwa uwaoshe kwa maji ya moto mara mbili, mchanga utoke. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia sambaza, maji kidogo, wafunike dakika kumi, kisha ongeza lenga-lenga (mchicha) zilizokatwa na uepue zikiwa bado za kijani. Sufuria nzima imetumia kijiko kimoja cha mafuta. Linganisha na sambaza waliozamishwa kwenye mafuta mengi, ambao ni watamu, sikatai, lakini unawala kama karanga huku ukiongea, na mkono haujui kusimama.

Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na unga unaokaangwa unayanywa mafuta vibaya, hasa yakiwa hayajapata moto wa kutosha. Kama ni lazima sambusa ziwepo (na kwa nyumba nyingi Ramadhani bila sambusa siyo Ramadhani), acha mafuta yapate moto sawasawa: tupia kipande kidogo cha unga, kikizama na kukaa chini bado, kikipanda mara moja na kuchemka pembeni, mafuta yako tayari. Zikaange chache chache, zitoe zisimame wima kwenye chujio ili zichuruzike. Mbili kwa mtu. Siku za katikati ya wiki hakuna. Sombe (kisamvu) nayo ina mawese na karanga ndani, ni chakula kizito peke yake, haihitaji kusindikizwa na sambusa, beignets na makemba siku moja.

Sinia la pamoja lina baraka zake na sitaki kulivunja. Shida yake ni kwamba hakuna anayejua amekula kiasi gani, na anayekula haraka anawaburuza wengine. Sisi tunaliweka hivi: mboga na samaki katikati, fufu kila mtu na donge lake. Mwenye kutaka zaidi aombe, asijimegee. Mtu akiomba hadharani mara ya pili anajifikiria. Kipimo cha hadithi kinajulikana, theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi, na Sura ya Al-A'raf aya ya 31 inasema kuleni na kunyweni wala msifanye israfu. Tunaisikia kila mwaka kwenye mawaidha, halafu tunapita Birere.

Ukialikwa, kazi inakuwa ngumu, maana mwenyeji wa Goma haamini neno "nimeshiba". Mazungumzo huenda hivi:

"Ongeza, mwanangu. Mbona fufu hujaligusa?"

"Nimefika, mama, aksanti sana."

"Umefika wapi? Nimepika kwa ajili yako."

"Ndiyo maana naomba unifungie kidogo, mama. Nitaamkia daku."

Hapo umeshinda, na mama amefurahi kuliko ungejishindilia mbele yake. Chakula chake kimethaminiwa mara mbili, na wewe una daku ya maharage isiyokugharimu makala.

Hatua ya 6: Baada ya tarawehe

Kuna futari ya pili ambayo watu hawaihesabu. Inaanza saa mbili na nusu usiku: mabaki ya beignets, chai, karanga, vipande vya mkate, simu mkononi, mpaka saa tano. Njaa yenyewe haipo. Homoni ya njaa, ghrelini, hufuata ratiba tunayoizoesha; ukila kila usiku saa nne, baada ya siku chache tumbo litakuja kudai saa nne.

Ruhusu kitu kimoja, kijulikane tangu mchana: tunda, au kikombe cha mashanza. Chai iwe ya tangawizi, sukari kijiko kimoja au hakuna. Kisha jikoni pafungwe. Nasema pafungwe kweli: sufuria zioshwe, mbabula (jiko la makaa) izimwe. Jikoni iliyokwisha kuoshwa haina anayetaka kuichafua tena.

Usiku ndio wakati wa maji. Baridi ya Goma inadanganya, kiu haisikiki kama kule Lubumbashi mwezi wa kumi, na mtu anajikuta hajanywa kitu hadi alfajiri. Glasi mbili kwenye futari, moja kabla ya tarawehe, mbili ukirudi, moja kabla ya kulala, mbili kwenye daku: glasi nane za robo lita ni lita mbili, zinatosha wengi. Mkojo wa asubuhi ukiwa na rangi ya chai kavu, ongeza. Maji yenyewe yawe yamechemshwa au yametiwa dawa. Bidon (dumu) ya njano iliyochotwa ziwani na kuachwa ituame haijawa salama, na kuhara ukiwa umefunga ni jambo baya sana.

Hatua ya 7: Kwa wanaofunga kwa maombi na Kwaresima

Mkatoliki ana sheria nyepesi kuliko anavyodhani: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, chakula kamili kimoja na vingine viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii kile kimoja. Kosa ninaloliona ni kusukuma vyote vitatu kwenye jioni moja. Kula vile vidogo asubuhi na mchana kama ilivyoruhusiwa, kisha chakula cha jioni hakitakuwa vita.

Ndugu wa vyumba vya maombi wana desturi ya kufunga kavu, siku moja hadi tatu bila chakula wala maji. Siku tatu bila maji ni hatari kwa figo, na mchungaji mwenye huruma aruhusu maji. Njaa ya chakula pekee inatosha kuwa dhabihu. Anayefungua baada ya siku kadhaa asianze na fufu na nyama. Aanze na maji kidogo kidogo, kisha uji mwepesi nusu kikombe, asubiri muda wa saa mbili, supu na viazi vichache, na chakula cha kawaida kesho yake. Aliyefunga siku tano na kuendelea, hasa kama alikuwa mwembamba tangu mwanzo, afungue akiwa na muuguzi karibu: chakula kingi cha ghafla huvuruga madini ya damu mpaka moyo unaweza kuyumba. Si jambo la kutisha watu, ni jambo la kupanga.

Hatua ya 8: Siku ya Idi

Mwezi mzima umejitahidi, halafu asubuhi moja unazunguka nyumba saba, kila moja na pilau yake. Kula tende kabla ya kwenda kuswali Idi el-Fitri, idadi isiyo shufwa kama ilivyo sunna, na uongezee yai au uji. Usiende kwenye matembezi na tumbo tupu. Chagua nyumba moja ya kula chakula chenyewe, kwa kawaida ya wazazi au ya mkubwa wa familia, na nyingine uwe wa maji, tunda, na kipande kimoja. Watoto wape chakula kabla ya sucré, la sivyo siku nzima watakunywa tu na usiku watalia tumbo. Nyama ikibaki, igawe mchana uleule, kabla ya jua kuzama. Bila frigo ya uhakika, nyama ya pilau haifai kufika kesho.